Simu Gizani: Namna ya Kutazama Filamu kwa Amani Ukiwa Observatory, Johannesburg

Mtu anayewasha simu katikati ya filamu mara nyingi hajui kwamba anawaudhi wengine. Ameishusha simu hadi mapajani, amezima mlio, anasoma meseji moja tu. Kwa hesabu yake ameshakuwa na adabu ya kutosha. Wanaopata adha ni waliokaa safu mbili tatu nyuma yake, maana viti vya sinema za siku hizi hupangwa kwa ngazi, na kinachowaka mapajani mwa mtu wa mbele huonekana na wote walio juu yake. Naanza na hili kwa sababu ndilo litakaloamua utasema naye vipi. Ukimchukulia kama mtu asiyejua, utamwambia kwa utulivu na huenda akakusikia. Ukimchukulia kama adui, jioni yenu nyote imekwisha.

Naandika nikiwafikiria hasa Waswahili wenzangu wa Observatory, Yeoville, Bez Valley na Cyrildene. Tukitaka sinema ya karibu tunashuka Eastgate, upande wa Bedfordview. Anayependa filamu zisizofika kwenye kumbi kubwa huvuka mji hadi The Bioscope, pale 44 Stanley, Milpark. Ukijumlisha tiketi, nauli ya teksi kwenda na kurudi, bisi na soda za watoto, familia ya watu wanne imetoa fedha ya kutosha kulidai giza lake.

Wengi wetu tulijifunza kutazama filamu kwenye vibanda vya video. Dar es Salaam tulimsikiliza Lufufu akitutafsiria kila kitu, Nairobi ikawa DJ Afro, na Kampala hadi leo VJ, yaani mtafsiri wa filamu, ni sehemu ya burudani yenyewe. Kibandani watu huongea, hucheka, humwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma ya mlango, na hakuna anayeudhika, kwa sababu wote wameingia kwa masharti hayo. Sioni aibu yoyote katika malezi hayo. Lakini ukumbi wa Eastgate una masharti mengine: watu mia wasiojuana wamelipia kukaa gizani kimya. Mtoto wako au mgeni wako aliyefika juzi kutoka Uvira, Kongo, akipewa maelezo haya kabla ya kutoka nyumbani, ataelewa mara moja, na hutahitaji kumvuta shati mbele ya watu.

Mwanga kuliko mlio

Mlio wa simu watu wameshauzoea kuwa ni kosa. Simu ikilia ukumbini, mwenyewe huaibika na kuizima haraka. Mwanga ndio unaoachwa uendelee.

Kumbi za sinema hufuata kiwango kinachofahamika: projekta ikimulika nyeupe tupu, skrini inatakiwa ing'ae kwa kandela 48 hivi kwa kila mita ya mraba. Hicho ndicho kilele. Sehemu kubwa ya filamu huwa chini ya hapo, na tukio la usiku huwa chini sana. Simu ya kawaida ya leo, ikifunguliwa mwanga wote, hupita kandela 500, na nyingi za bei kubwa hupita 1,000 ili zisomeke juani. Kwa hiyo kile kioo kidogo mkononi kinaweza kung'aa mara kumi na zaidi ya skrini ambayo watu wamelipia kuitazama. Jicho nalo halina hiari. Lilishaumbwa kukimbilia panapong'aa, na baada ya kumulikwa huchukua muda kulizoea giza tena. Kulizoea kikamilifu huchukua dakika 20 hadi 30.

Ndiyo maana kuifunika simu kwa kiganja hakusaidii sana, na "nasoma sekunde mbili tu" ni hesabu ya msomaji peke yake. Kwa aliye nyuma, sekunde mbili hizo zinatosha kumtoa ndani ya hadithi.

Anza na simu yako

Kuizima kabisa ndiyo njia bora. Usipotaka kuizima, iweke kwenye hali ya ndegeni. Kama lazima upatikane, tumia ile hali ya Usinisumbue, lakini iandae ukiwa bado kwenye foleni ya tiketi, maana watu wengi huigusa wakati filamu imeshaanza, na huko kuigusa ndiko kunakowasha mwanga. Ndani ya Usinisumbue unaweza kuchagua namba chache zinazoruhusiwa kukufikia. Unaweza pia kuruhusu anayepiga mara ya pili mfululizo: kwenye Android simu ya pili ikipigwa ndani ya dakika 15 hupita, na kwenye iPhone ni ndani ya dakika tatu. Ukishapanga hivyo, waambie nyumbani: "Kukiwa na dharura, pigeni mara mbili." Hapo unaweza kuisahau simu kwa saa mbili.

Usiisahau saa janja. Kila unapoinua mkono kuchukua bisi inawaka, na mara nyingi mvaaji hana habari. Saa nyingi zina hali maalumu ya sinema. Usipoipata, ivue uitie mfukoni. Vilevile vile viatu vya watoto vinavyowaka taa kila wanapokanyaga. Mtoto anayening'iniza miguu kitini anavipigisha kwenye kiti cha mbele na taa zinacheza filamu nzima. Mvue viatu, mwekee miguuni; wala hatadai.

Kuna watu nisioweza kuwaambia wazime. Muuguzi aliye zamu ya kuitwa. Mama aliyemwacha mtoto mwenye homa na dada wa kazi. Na kuna sisi tulio na watu Kivu, mashariki mwa Kongo. Goma ilipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, wengi hapa Johannesburg hawakuiweka simu chini usiku wala mchana. Mtu wa namna hiyo huenda ameletwa sinema na rafiki ili apumzike kichwa kidogo, na simu ndiyo kamba pekee inayomuunganisha na mama yake. Kwake nashauri hivi. Nunua kiti cha pembeni, karibu na njia, safu iliyo jirani na mlango. Simu ikae mfuko wa shati, kwa mtetemo, kioo kikielekea kifuani. Ikitetemeka, inuka uende nje kwanza. Usiitazame ukiwa bado kwenye kiti, wala unapopanda ngazi. Subiri mlango ujifunge nyuma yako. Kutoka mara tatu katika filamu moja hakumkeri mtu kama kuisoma simu mara moja katikati ya safu. Na umwambie uliyekuja naye tangu mwanzo, asije akahangaika kukutafuta.

Kuchagua kiti kunakusaidia hata wewe usiye na simu ya kusubiri. Watu wengi hukimbilia safu za nyuma, na huko nyuma ndiko unakoona simu zote za ukumbi zikiwaka mbele yako. Kaa katikati ya ukumbi kuelekea mbele kidogo: simu nyingi zitakuwa mgongoni kwako. Ukiweza, acha Ijumaa na Jumamosi usiku, nenda katikati ya wiki.

Ukiamua kusema

Mwanga wa kwanza uache upite. Huenda mtu anazima. Ukiwaka wa pili, sema, na usingoje wa tano. Ukingoja sana mambo mawili hutokea: yeye anakuwa ameshazoea kwamba hakuna anayejali, na wewe unakuwa umeshajaza hasira inayosikika kwenye sauti yako hata ukichagua maneno mazuri.

Taja mwanga, usitaje tabia yake. "Samahani kaka, mwanga wa simu yako unatufikia huku nyuma. Naomba uizime kidogo. Asante." Basi. Useme kwa sauti ya chini, ukiinama kidogo, bila kumgusa bega, na ukimaliza rudi nyuma kitini mara moja na uelekeze macho kwenye skrini. Hilo la kurudi nyuma lina maana kubwa: unampa nafasi ya kuizima bila kukujibu. Mtu akitazamwa usoni akingojewa atii, hata muungwana hutafuta neno la kujitetea, hasa akiwa amekaa na mchumba wake.

Kiingereza kitakufikisha, lakini Kizulu hulainisha zaidi: "Uxolo bhuti, ngicela ucishe ifoni. Ngiyabonga." Kwa mwanamke wa rika lako sema *sisi*. Kwa wakubwa ni *baba* na *mama*, ambayo huhitaji kujifunza. Mtu mzima akisoma simu, mara nyingi ni kwa sababu hajui namna ya kuipunguzia mwanga. Kama amekaa jirani yako kabisa, muulize kwa heshima kama umsaidie.

Aliye mbali, safu nne tano mbele, usimpigie kelele. Huo mlio wa "shhh!" na ule wa "zima simu!" kutoka gizani humfikia kila mtu isipokuwa mhusika. Kundi la vijana pia usilisemeshe kama kundi. Kila mmoja wao atataka kuonekana jasiri mbele ya wenzake. Hapo kazi si yako tena, ni ya mhudumu.

Mara moja. Nasisitiza: mara moja tu. Akijibu vibaya, au akizima na kuiwasha tena, usirudie. Januari 2014, katika ukumbi mmoja karibu na Tampa, jimbo la Florida, mzee aliyekuwa polisi mstaafu aligombana na mwanaume wa kiti cha mbele aliyekuwa akituma meseji. Filamu yenyewe ilikuwa haijaanza. Yalikuwa matangazo ya filamu nyingine. Mzee alikwenda kulalamika kwa uongozi, akarudi, maneno yakaendelea, bisi zikarushwa, na mzee akatoa bastola akamuua mwenzake mbele ya mkewe. Baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru mwaka 2022, lakini mtoto mdogo wa yule mwanaume alishabaki bila baba. Sote tunajua silaha zilivyojaa Johannesburg. Na sisi wageni tuna la ziada la kufikiria. Mwaka 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa nchini hapa katika mashambulio dhidi ya wageni, na yamerudi tena mara kadhaa tangu hapo. Ugomvi wa simu gizani, lafudhi yako ikishasikika, unaweza kugeuka ugomvi wa nani katoka wapi. Haki yako haipungui kwa sababu hiyo. Unachagua tu nani aisimamie, na mwenye sare ya ukumbi anaweza kuisimamia bila kuulizwa kwao ni wapi.

Kumwita mhudumu

Hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa, kwa sababu hawataki kukosa sehemu ya filamu. Lakini ukikaa unakosa yote. Chagua tukio lililopoa, mtume mmoja kati yenu, atoke.

Kabla ya kutoka, hesabu. Herufi ya safu yako ipo kwenye tiketi. Ukiwa safu ya J na simu iko safu ya tatu mbele yako, hiyo ni G. Mhudumu akiambiwa "kuna watu wanatumia simu" ataingia, atazame giza, atoke. Akiambiwa "ukumbi namba tano, safu ya G, watu wawili upande wa kulia karibu na njia, wameshaombwa mara moja" ana pa kwenda. Mwombe asimame tu kwenye ngazi karibu nao kwa dakika mbili. Mara nyingi hiyo inatosha, simu zinaingia mifukoni bila neno. Usimwelekezee kidole ukiwa ndani. Rudi kitini kwako kwanza, yeye aingie baadaye.

Mlangoni kukiwa hakuna mtu, na siku hizi mara nyingi hakuna, nenda kwenye kaunta ya bisi ukamwulize meneja wa zamu.

Wakishindwa kabisa kukusaidia, una la kudai. Sheria ya Kumlinda Mlaji ya Afrika Kusini, namba 68 ya mwaka 2008, kifungu cha 54, inampa mlaji haki ya kupata huduma ya kiwango ambacho watu kwa kawaida wanakitarajia. Huduma ikiwa na kasoro, mlaji anaweza kutaka irekebishwe au arudishiwe sehemu ya fedha inayolingana na kasoro hiyo. Dai usiku huohuo, tiketi ikiwa mkononi. Sema ulichoomba, saa ngapi, na kwa nani. Omba tiketi ya siku nyingine kabla ya kuomba fedha. Meneja wa zamu huwa na uwezo wa kutoa tiketi, fedha huenda akaambiwa asubiri bosi. Watoto wenu wakiwa wamesimama pembeni, msipandishe sauti.

Yasiyofaa

Kumulika tochi ya simu yako kisogoni mwa mtu: sasa simu ni mbili. Kupiga teke kiti: aliyekaa pale huenda si mwenye simu. Kumrekodi mkosaji ili umwanike mtandaoni: ukiinua kamera ukumbini, mhudumu akiingia atakushuku wewe kwamba unaiba filamu, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1978 inakataza kunakili filamu bila idhini. Hilo liwafikie pia wanaochukua vipande vya skrini kuweka WhatsApp. Kipande kidogo nacho ni kunakili, na kinawaka kwa wote walio nyuma.

Kuna wanaouliza kwa nini kumbi zisifunge mitambo ya kuzuia mawimbi ya simu. Jibu ni kwamba sheria za mawasiliano za nchi hii haziruhusu, na serikali yenyewe imeshaumbuka kwa hilo. Tarehe 12 Februari 2015, Rais Zuma akisubiriwa kulihutubia taifa, mawimbi yalizimwa ndani ya Bunge, na waandishi wa habari na wabunge wakainua simu juu wakidai yarudishwe. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Rufaa iliamua kwamba kuzimwa kule kulikuwa kinyume cha sheria. Na tazama tena yule muuguzi na yule ndugu wa Goma: mtambo hauwezi kuwatofautisha na anayecheza gemu.

Giza lina mwenyewe

Mtaa wetu unaitwa Observatory kwa sababu mwaka 1903 kilianzishwa hapa kilimani kituo ambacho baadaye kilikuwa cha kutazama nyota, chini ya Robert Innes. Ni hapa, mwaka 1915, Innes alipogundua Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiacha jua. Kisha Johannesburg ikakua, taa zikazidi, na anga la usiku likapauka. Hakuna mkazi mmoja aliyefanya ubaya. Kila mtu aliwasha taa yake tu. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1970 kazi ya kutazama nyota ilihamishiwa Sutherland, mbali kabisa kule Karoo. Safari hii serikali haikuliacha giza kwa hisani ya majirani: ilipitishwa sheria, namba 21 ya mwaka 2007, ya kuyalinda maeneo ya elimu ya nyota, na Sutherland imo ndani yake.

Wenye kumbi wangefanya vivyo hivyo. Tangazo la sekunde kumi kabla ya filamu, lenye katuni na muziki, halitoshi. Kampuni ya Marekani ya Alamo Drafthouse, iliyoanzia Austin mwaka 1997, humwonya mtu mara moja kisha humtoa bila kumrudishia fedha. Mwaka 2011 mwanamke mmoja aliyetolewa aliwapigia akawatukana kwenye simu ya kurekodi ujumbe, nao wakaugeuza ujumbe ule kuwa tangazo lao. Aprili 2016 mkuu wa kampuni kubwa ya AMC aliwaza hadharani kuwaruhusu vijana kutuma meseji katika baadhi ya kumbi. Wateja walikataa kwa nguvu, na ndani ya siku chache aliliondoa wazo hilo. Wateja wakisema, wenye kumbi husikia, maana biashara yenyewe siku hizi inapumua kwa shida. Ster-Kinekor iliingia kwenye utaratibu wa kuokoa kampuni mapema mwaka 2021, na mtu anayepata filamu nyumbani kwa intaneti hatatoka kwenda kukerwa.

Kinachotakiwa hakina gharama kubwa: mhudumu mmoja anayeingia kila ukumbi dakika kumi baada ya filamu kuanza, na tena katikati. Mtazamaji asiachiwe yeye awe mlinzi, tena mlinzi mgeni, tena usiku.

Kwa hiyo safari ijayo, kabla hujalipa, muulize aliye kaunta maswali mawili: filamu ikianza, nani anaingia kuangalia ukumbi? Na nikihitaji msaada, nimpate wapi? Uulize kwa upole, na uulize kila unapokwenda. Ukumbi usio na jibu, usiupe fedha yako.